Ni Kweli, Mheshimiwa

Telesia alizinduka wodini akaliona blanketi limelala bapa mahali ulipopaswa kuwa mguu wake wa kulia. Alilitazama kwa muda, kisha akageuzia uso ukutani. Nesi alikuwa amemweleza kabla hajapelekwa kwenye chumba cha upasuaji kwamba kuanzia gotini kwenda chini hapakuwa na cha kuokoa, naye alikuwa ameitikia kama mtu anayepewa habari za jirani. Sasa ndipo habari zile zilipomfikia.

Mumewe, Nahumu, alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni ya kitanda. Suruali yake ilikuwa na tope lililokauka, viatu vyake havikuwa na kamba. Telesia alijua maana yake: ukiwekwa mahabusu wanakuvua mkanda na kamba za viatu, na huyu alikuwa ametoka huko akaja moja kwa moja, hata kamba hakukumbuka kuzidai.

"Wamekuachia?" aliuliza.

"Wameniachia."

"Wamesemaje kuhusu guta?"

Nahumu alivuta blanketi, akalifunika bega la mkewe ambalo tayari lilikuwa limefunikwa. "Nimekiri, mama Pendo. Hakimu aliuliza kama ni kweli niliendesha kwa uzembe na mwendokasi. Nikasema ni kweli, mheshimiwa. Wakanitoza faini, kaka Yoeli akalipa. Yamekwisha."

"Kwani ulikuwa unakwenda kasi?"

Nahumu aliinuka akasema anakwenda kumtafutia uji.

Telesia alibaki akiangalia dari. Walikuwa wametoka kijijini kwao Yakobi alfajiri na viazi vya kupeleka Makambako, mumewe mbele kwenye usukani, yeye nyuma juu ya magunia, kanga imefungwa kichwani kwa sababu ya baridi. Guta lenyewe, pikipiki ile ya magurudumu matatu yenye karai la mizigo, halikuwa limemaliza hata msimu mmoja tangu walinunue. Mteremkoni, Makambako ikiwa imeanza kuonekana, alisikia chuma kikikatika mbele. Kilikatika kwanza. Kisha guta likainama kama ng'ombe anayepiga magoti, ndipo likapinduka. Mpangilio ule hakuwa na shaka nao hata kidogo, maana alipata wasaa wa kujiuliza ile ni sauti ya nini kabla magunia hayajamwangukia.

Na kabla hajapoteza fahamu aliona jambo jingine. Askari wa usalama barabarani alikuwa amefika, na Nahumu, mikono imejaa damu ya mkewe, alikuwa akimwonyesha uma wa gurudumu la mbele. Nusu ya mahali ulipokatika iling'aa kama kijiko kipya. Nusu ya pili ilikuwa na kutu ya zamani, nyeusi, iliyoingia ndani kabisa. Chuma kile kilikuja na ufa wake kutoka huko kilikotengenezwa. Askari aliinama, akatazama, akasema vyuma vyote hukatika gari likipinduka, mengine atamweleza hakimu.

Lakini hakimu hakuelezwa.

*

Mwenye duka la maguta pale Makambako, walikonunua lao, aliitwa Hezekia. Alikuja hospitalini akiwa amevaa koti la Jumapili, mkononi ana sukari na machungwa, na aliwaombea wagonjwa wote wa wodi ile kwa sala ndefu iliyowafanya wengine wafumbue macho katikati kuona kama amemaliza. Kisha akaketi. Alimpa Telesia pole kwa unyenyekevu, akasema barabara zetu ndizo zinazotumaliza, akasema ameumia moyoni kusikia kuwa waliopata mkasa ni watu wa usharika wa Yakobi, Walutheri wenzake.

"Lile guta lisiwaumize kichwa," alimwambia Nahumu. "Kesi imekwisha, polisi wanataka liondoke uani kwao. Mimi nitalichukua, nitalitengeneza bila kudai chochote. Tusiposaidiana sisi, nani atatusaidia?"

Nahumu alimshukuru kwa mikono miwili. Telesia, kichwa bado kizito kwa dawa, alihisi kuna kitu kinachotakiwa kusemwa, lakini hakukipata, na mtu yule alikuwa akimngoja kwa uso wa huruma. Akashukuru na yeye.

Guta lilirudi Yakobi linang'aa. Uma wa mbele ulikuwa mpya, na hata makwaruzo ya karai yalikuwa yamepakwa rangi. Telesia, wakati huo amesharuhusiwa kurudi nyumbani, aliketi mlangoni na magongo yake akalitazama kwa muda mrefu. Akamwambia mumewe apige simu kuuliza ule uma wa zamani uko wapi. Nahumu alipiga. Akajibiwa kwa upole kwamba vyuma vilivyovunjika vilishabebwa na wale wanaonunua chakavu.

*

Maisha yalirudi nyumbani kwa njia ya kilema. Pendo, binti yao aliyekuwa kidato cha pili, aliacha bweni akawa mwanafunzi wa kutwa, kisha wa siku moja moja, kwa kuwa mama yake hakuweza kufika chooni bila kushikwa, na choo kilikuwa ng'ambo ya migomba, mahali penye utelezi. Mwanzoni walikwenda bila kuzungumza. Pendo aliangalia pembeni wakati mama yake akihangaika na nguo, na Telesia, aliyeona kama ni jana tu alipokuwa akimwogesha mtoto huyu, alijifanya anakohoa.

Kanisani akina mama wa kwaya walimwambia nafasi yake ipo. Ilikuwepo kweli, lakini wao waliimba wamesimama, na yeye aliketi katikati yao kama mtoto kati ya sketi, sauti yake ikiishia kwenye migongo. Baada ya Jumapili chache alihamia benchi la nyuma. Hakuna aliyemuuliza.

Lililomkera kuliko yote lilikuwa Yoeli, kaka wa mumewe. Yoeli hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyelipa faini, na hakuwahi kuidai. Ila kila walipokusanyika, msibani au kwenye ubarikio wa vijana kanisani, alikuwa na sentensi yake: mdogo wangu tangu utotoni ana haraka. Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko, wakamtazama Telesia pale mguu ulipoishia, wakamtazama na Nahumu. Naye Nahumu aliinamisha kichwa. Alianza hata kutembea polepole. Guta aliliendesha kwa mwendo wa mtu anayeswaga mbuzi, malori ya mbao yakimpigia honi nyuma, na akirudi nyumbani alilikagua gurudumu la mbele akidhani hakuna anayemwona.

Telesia alimtazama akiyafanya hayo, na ndani yake kulikuwa na hasira ambayo hakuipa jina. Alikuwa amejijengea picha ya asubuhi ile ya mahakamani: mumewe anatetemeka kwa baridi ya mahabusu, anataka kutoka, anauza ukweli ili apate kulala kitandani kwake. Aliwahi kumuuliza mara moja tu, wakimenya viazi.

"Kwa nini ulisema ni kweli?"

"Yamepita, mama Pendo," alijibu Nahumu, na kisu chake kikaendelea.

*

Mwalimu wa Pendo ndiye aliyewaambia kuhusu wakili Beatha, msichana wa Njombe mjini asiyemtoza mtu kwa kumsikiliza. Telesia alikwenda na binti yake. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, na ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba magongo hayakuenea. Basi Telesia aliketi kwenye ngazi ya kwanza, akaipa ofisi mgongo, akapanda kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, Pendo akimfuata na magongo kwapani. Watu waliokuwa wakinunua dawa waligeuka kumtazama. Alipofika juu wakili alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mdomo.

"Mama, si mngenipigia, ningeshuka mimi," alisema.

"Tumeshafika," alisema Telesia, akijipangusa vumbi.

Beatha alisikiliza yote bila kumkatiza. Akauliza guta liko wapi, ule uma wa zamani uko wapi, nani aliupiga picha. Akauliza mara mbili Nahumu alisema nini mahakamani, kana kwamba mara ya pili jibu lingebadilika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Sheria ipo, mama. Anayekuuzia kitu kibovu kikakuumiza anaweza kudaiwa fidia, na aliyekitengeneza pia. Kuna hata chombo cha serikali kinachopokea malalamiko ya wanunuzi. Lakini kote utakakokwenda watakuambia neno moja: tuonyeshe hicho chuma. Nanyi chuma mmempa mwenye duka."

"Alisema anatusaidia."

"Najua."

Telesia akauliza kuhusu bima, maana guta lilikuwa na bima. Beatha alieleza kwamba ile ni bima ndogo, haimlipi mwenye chombo, na guta ni la mizigo, halina ruhusa ya kubeba mtu nyuma. Kampuni ya bima itauliza yeye alikuwa anafanya nini juu ya magunia.

"Nilikuwa nakwenda sokoni na viazi vyangu."

"Najua, mama," alisema tena Beatha, na safari hii alitazama mezani. "Halafu lipo hili la kukiri. Mzee alisema mbele ya hakimu kwamba kosa ni lake, na hilo sasa liko kwenye kumbukumbu za mahakama. Aliyekiri anaweza kukata rufaa juu ya ukubwa wa adhabu. Juu ya hatia yenyewe ni vigumu mno. Nikimshtaki mwenye duka, wakili wake atasimama na kumbukumbu hizo aseme: mume anasema ni mimi, mke anasema ni chuma, mheshimiwa, umwamini nani?"

"Mimi nilisikia kikikatika."

"Mimi nakuamini. Ila kuamini kwangu hakumlazimishi mtu kulipa."

Pendo alianza kulia kimya kimya, akajifuta kwa mkono wa sweta la shule. Wakili alisubiri. Kisha, labda kwa kuwa hakutaka waondoke mikono mitupu, akaongeza kwamba kama angepatikana mtu mwingine, mwenye guta la aina ile ile, kutoka duka lile lile, lililokatika pale pale, na chuma chake bado kipo, na ambaye hajakiri chochote, hapo angekuwa na mahali pa kuanzia. Ubovu ukionekana mara mbili hauwezi tena kuitwa haraka ya mtu.

Telesia alishuka ngazi kama alivyopanda.

*

Tangu siku hiyo alianza kuulizia. Aliwatumia salamu waendesha maguta wa sokoni Njombe na wa Makambako: yeyote atakayekatikiwa uma wa mbele amtafute mama wa Yakobi, mwenye mguu mmoja. Redio ikitangaza ajali, alikuwa wa kwanza kunyamazisha wengine. Watu waliposema fulani kapata ajali, Telesia aliuliza ni gari gani kabla ya kuuliza kama fulani mzima. Siku moja Pendo alimtazama baada ya swali kama hilo, na Telesia aliona haya. Lakini hakuacha.

Ukawa mwezi wa ukungu, yeye na Nahumu wakichambua mbegu za viazi barazani, mwanamke mmoja alipobisha hodi. Alivaa makubazi yaliyoloa na alibeba kikapu kitupu.

"Kamwene," alisalimu kwa lugha ya wenyeji, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Jina lake Lidia, anatoka Mlangali, na amelala kwenye benchi la kituo cha mabasi Makambako. Mwanawe Frederick anaendesha guta pale Makambako. Juzi uma wa mbele ulikatika, guta likamvaa mzee mmoja wa baiskeli likamvunja mkono. Frederick hana jeraha, ila yuko mahabusu. Waendesha guta wenzake ndio waliomwambia, nenda Yakobi ukamwone mama wa mguu.

Telesia aliacha viazi. "Mlilinunua wapi?"

Lidia akataja duka la Hezekia.

"Chuma kiko wapi?"

"Kiko polisi, pamoja na guta. Nimekishika kwa mkono wangu huu. Ndani kina kutu, dada. Kitu kipya, ndani kina kutu."

Telesia alihisi moyo ukimpiga hadi kwenye kisigino kisichokuwepo. Alimwomba mgeni aketi, akamwita Pendo alete chai na mahindi ya kuchemsha, na hata chai haijafika akaanza kusema, haraka haraka, akishika mkono wa yule mama. Asikiri. Hata wakimwambia ni jambo dogo, hata wakimwambia atatoka saa hiyo hiyo, aseme si kweli. Na guta lisiguswe, mwenye duka akija na sukari arudishwe na sukari yake. Yupo wakili Njombe, mwanamwali mwema, atapigiwa simu sasa hivi.

Lidia alisikiliza akitikisa kichwa kuonyesha kwamba anafuata. Chai ilipokuja hakuigusa.

"Akikataa shtaka, atatoka lini?" aliuliza.

"Akipata mdhamini."

"Makambako sina mtu. Nimekwenda kwa mwenye nyumba wake, amekataa. Nimekwenda kwa mzee wa kanisa, hayupo." Aliinua kikombe, akakirudisha. "Mkewe amejifungua hospitalini Bulongwa, kwa upasuaji. Yuko peke yake kule, mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Ananipigia simu, anauliza Frederick yuko wapi, nasema barabara mbaya. Kesho asubuhi wanampeleka mahakamani."

Telesia alifungua mdomo kusema kwamba wiki chache si kitu. Maneno yalikuwa tayari.

Lidia akamgeukia Nahumu, ambaye tangu mwanzo hakuwa ameinua macho kwenye viazi. "Na wewe, baba, ulikiri kwa nini?"

Telesia alitarajia kusikia kwamba yamepita. Nahumu alizungusha kiazi mkononi, akakitoa chipukizi lililooza.

"Askari alinijia alfajiri," alisema. "Akaniambia mke wangu anakatwa mguu asubuhi ile. Nikamuuliza, nikikataa shtaka natoka lini. Akasema mpaka mdhamini apatikane, na kaka yangu hakuwa na barua ya mtendaji wa kijiji ya kunidhamini, ingemchukua siku. Nikafikiri, atazinduka, atajishika, ataukosa mguu, na hakuna mtu pale." Alikirudisha kiazi kwenye rundo. "Basi nikasema ni kweli."

Ukungu ulikuwa umeingia hadi barazani. Pendo alisimama mlangoni na birika mkononi.

"Hukuniambia," alisema Telesia.

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeipoteza haki yako kwa ajili yako?"

Telesia alimtazama mtu huyu aliyeishi naye miaka yote hiyo. Aliona viatu visivyo na kamba. Aliona jinsi alivyoondoka kwenda kutafuta uji ambao hakuna aliyekuwa ameuomba. Na alimwona pia, bila kumfahamu, msichana wa Bulongwa na kitoto chake, akiangalia mlango wa wodi kila unapofunguliwa. Chuma kilikuwa pale Makambako, kimelala uani kwa polisi, chenye kutu ndani, kila alichokuwa akikililia. Kilihitaji tu mtoto wa mwenzake akae ndani.

Lidia alikuwa bado anamngoja.

"Kamtoe mwanao, dada," alisema Telesia. "Aseme ni kweli, aende kwa mkewe."

"Na chuma?"

"Mkiweza kukitunza, kitunzeni."

Lidia alikunywa chai yote kwa mkupuo, akaomba wamwonyeshe njia ya mkato kwenda barabarani. Nahumu aliliwasha guta akampeleka mwenyewe. Hakwenda polepole.

*

Frederick alikiri, akatozwa faini, akatoka. Lidia alipiga simu kuwashukuru. Alisema mtoto ananyonya vizuri, na kwamba guta limechukuliwa na mwenye duka kutengenezwa bure, kwa maana bila lile guta kijana hana kazi, na pale walipo hawana pa kuweka vyuma. Alisema hayo ya mwisho kwa sauti ya chini. Telesia alimwambia amefanya vema, akamsalimia mtoto.

Mvua za kupandia zilipoanza, wakili Beatha alipiga. Alikuwa akipitia mafaili yake, na anataka kujua kama afunge lile la mama Pendo au aliache wazi. Aliuliza kama alipatikana mtu.

Nahumu alikuwa shambani chini ya nyumba, akifukia viazi peke yake kwenye matuta ambayo zamani waliyafukia wawili. Telesia alimtazama akiinama na kuinuka.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hatujapata mtu."